Ndoo Kumi na Tisa

Alitokea upande wa Kibati, pale ardhi ilipopasuka
na hakuna aliyerudi kuishona,
kifua wazi, mgongo kama ngozi ya ngoma kuukuu,
anasukuma jiwe kubwa kuliko kibanda changu.
Mimi nauza mega na vocha; watu wa ajabu nimewazoea.
"Baba, hiyo unapeleka wapi?"
"Juu."
"Juu wapi?"
"Juu tu."

Likamponyoka.
Alisema ni mara ya... akataja hesabu ndefu
kama namba ya simu ya ng'ambo.
Likashuka likiruka mitaro, likampita mchungaji, likavunja meza ya nyanya,
likatulia Majengo mbele ya Mama Kavugho,
ambaye huponda kokoto tangu mumewe aende Walikale kutafuta dhahabu
akapata mke.

Mama Kavugho hakushtuka. Alilizunguka mara moja,
akaligonga kwa kifundo cha kidole kama anayechagua tikiti.
"Ndoo kumi na tisa," akasema.
"Ishirini, kama ndani halina mapovu."
Akashika nyundo.

Sisifo (ndilo jina alilonipa, nikaliandika kwenye daftari la madeni)
alifika anahema, akakuta adhabu yake
imekuwa mafungu mawili: kokoto laini, kokoto nene.
Akapiga magoti, akalia kama aliyefiwa.
"Mama, lile lilikuwa la milele!"
"Njo vile. Ya milele iko nguvu. Imenivunjia mupini."
Akampa elfu mbili mia tano na sahani ya maharage.
Nadhani hakuwahi kulipwa.
Alizigeuza zile noti, juu chini, juu chini,
akaniuliza okapi ni mungu wa nini.

Siku ya tatu akashuka Herme.
Jina hilo nimelisikia kanisani; hawakutuambia ana miguu mizuri vile.
Alileta barua ya Zeu, mhuri bado mbichi,
amevaa viatu vyenye mabawa,
na polisi wa barabarani wakamsimamisha kwenye mzunguko
chini ya ile chukudu ya dhahabu.
"Mabawa iko na plaki? Bima? Jile iko wapi?"
Akasema yeye ni mjumbe wa miungu.
"Wote wanasemaka vile. Acha maharage ya watoto."
Akaacha fimbo yake ya nyoka wawili.
Mpaka leo imeegemezwa pale kituoni, nyoka mmoja amelegea.

Barua ilisema: jiwe lirudishwe, adhabu iendelee.
Mama Kavugho alisikiliza bila kusimamisha nyundo.
Ndoo nne ziko chini ya choo cha shule.
Sita, ukuta wa Bahizire, ule uliopinda.
Zilizobaki zilikwenda Himbi, kwa jumba la mtu
ambaye hata Herme alishauriwa asimtaje.
"Ambia patroni yako: Goma yote iko jiwe.
Achague. Bei njo ile ile."
Herme akaandika, akafuta, akaandika: Limetumika.

Sasa Sisifo ana chukudu.
Asubuhi anaipandisha tupu mpaka Kibumba,
jioni anashuka na kabeji,
goti juu ya ubao, kisigino ndiyo breki,
anapiga kelele hadi mbuzi wanahama barabara.
Karne zote hizo aliteremka kwa miguu, nyuma ya jiwe,
kichwa chini.
Hakuna aliyemwambia mteremko una utamu.

Giza likiingia anakuja kwangu. Anataka vocha ya mia tano
ampigie mkewe, Merope,
ile nyota hafifu kwenye Kilimia,
iliyoona haya kuolewa na mfungwa.
Nimemweleza huko hakuna mtandao.
Na leo Nyiragongo imepaka mawingu wekundu,
Kilimia chenyewe hakionekani.
"Nitasubiri," anasema,
anapindua ndoo ya Mama Kavugho, anaikalia.

Kusubiri anakujua.
Deni lake limefika elfu saba.